Msalaba wa Shaba na Msalaba wa Mti: Somo juu ya Ukombozi Wetu

Ndugu wakatekumeni, kila Ijumaa ya Kwaresima mnapofuata Njia ya Msalaba, mnakiri kwa vinywa vyenu ya kuwa Yezu Kristu ametukomboa. Mnalitamka neno hilo upesi, kwa kuwa mmelizoea. Lakini katekista akimsimamisha mmoja wenu na kumwuliza, «Wewe umekombolewa kutoka mikononi mwa nani? Kwa bei gani? Na sasa u mtu wa nani?», wengi hunyamaza na kutazama chini. Basi leo tuyatafute mambo hayo matatu. Tutaanzia katika nchi yenu wenyewe, kwa sababu wazee wa Katanga walijua maana ya kukomboa mtu, pengine kuliko sisi tuliozaliwa nyuma yao.

Bei ya mtu

Zamani, kabla ya reli, na kabla ya mji wa Lubumbashi kuanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, katika vilima vya nchi hii walikuwapo mafundi walioitwa «walaji wa shaba». Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyefika Katanga mwaka ule wa 1910 na kuliongoza Kanisa la hapa mpaka kufa kwake mwaka 1958, aliandika habari zao mwaka 1926. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, watu waliondoka vijijini pamoja na wake na watoto wao, wakaenda kuokota yale mawe ya kijani yenye shaba. Wanaume walichoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta mivukuto usiku na mchana mpaka shaba ikatiririka. Kisha waliiyeyusha tena na kuimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba wa mikono minne. Msalaba huo ulikuwa fedha yao.

Angalieni sana: umbo hilo halikutoka kwa Wakristu. Wachimbuaji wa mambo ya kale walipofukua makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, walikuta misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu walioishi karne nyingi kabla ya misheni ya kwanza ya Katanga. Hata bendera ya Katanga ya miaka 1960 hadi 1963 ilikuwa na misalaba mitatu ya namna hiyo. Kwa wazee, msalaba ulikuwa na maana moja tu, yaani mali ya kulipia. Kwa msalaba mtu alinunua jembe. Kwa msalaba alitoa mahari.

Tena bei ya siku zile haikuwa ya majembe tu. Katika Bunkeya, mji wa mwami Msiri, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, biashara tatu zilikwenda pamoja: pembe za tembo, shaba, na watu. Misafara ilitoka huko kwenda mashariki mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, na magharibi kupitia Bihe mpaka Benguela, kwenye bahari ya Angola. Mtoto aliyetekwa Katanga aliweza kuuzwa mara nyingi kabla hajaiona bahari. Kila alipofika, alipata bwana mpya, jina jipya, na bei mpya.

Kununua si kukomboa

Hapa ndipo neno letu linapoanza kung'aa. Katika nchi hizi palikuwa na desturi nyingine tena, ya kumweka mtu rehani. Mjomba akishindwa na deni, aliweza kumtoa mpwa wake akae kwa mwenye kudai, alime shamba lake na kuchota maji yake, mpaka deni lilipwe. Mtoto huyo hakuwa mgeni asiye na watu. Alikuwa na ukoo, na ukoo wake ulijua mahali alipo. Siku moja ndugu zake walikuja na mali mikononi, wakaiweka chini mbele ya mashahidi, wakamshika mtoto mkono, wakarudi naye nyumbani.

Mnaona tofauti? Mwenye kununua humpata mtumwa. Mwenye kukomboa humrudisha ndugu. Mali inayotolewa huenda ikawa ni ile ile, misalaba ile ile ya shaba. Lakini yule aliyenunuliwa anaondoka akiuliza, «Bwana wangu mpya ataniamuru nini?» Aliyekombolewa anaondoka akijua ya kuwa mama yake amekwisha pika chakula.

Mungu aliwapa Waisraeli sheria ya namna hiyo. Someni Kitabu cha Walawi, sura ya 25. Mwisraeli akiwa maskini hata kujiuza kwa mgeni, haki ya kumkomboa ni ya ndugu yake wa karibu: kaka, au baba mdogo, au mwana wa baba huyo, au mtu wa ukoo wake. Hivyo Boazi alimtwaa Ruthu kwa sababu alikuwa wa jamaa ya marehemu. Asiye ndugu hakuwa na haki hiyo.

Sasa tulieni kidogo, maana hapa pana siri kubwa. Wengi huuliza: «Mungu ni mwenyezi. Kwa nini hakutukomboa kwa neno moja kutoka mbinguni? Kwa nini Mwana wake alizaliwa na mwanamke, akalia, akaona njaa, akafanya kazi ya useremala?» Walimu wa Kanisa wametoa majibu mengi, na yote ni mazuri. Lakini mtu wa ukoo ataelewa upesi jibu hili: Mwana wa Mungu alitwaa mwili wetu katika tumbo la Bikira Maria ili awe ndugu yetu wa karibu kabisa. Hakutaka kutukomboa kama tajiri mpita njia anayemhurumia mtu asiyemjua. Waraka kwa Waebrania, sura ya 2, unafundisha ya kuwa Yeye haoni haya kutuita ndugu zake, na ya kwamba alishiriki damu na nyama yetu kwa ajili hiyo hiyo, awaweke huru wale waliokuwa watumwa maisha yao yote kwa hofu ya kufa.

Mikononi mwa nani?

Wayahudi waliposikia Bwana akisema habari za uhuru, walikasirika. Walijibu ya kuwa wao ni uzao wa Abrahamu, hawakuwa kamwe watumwa wa mtu (Yoane 8). Walisahau Misri, walisahau Babeli, na siku ile ile askari wa Roma walikuwa wakitembea katika njia za mji wao. Bwana hakubishana nao juu ya Roma. Aliwaonyesha minyororo ya ndani zaidi: atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi, tena mtumwa hakai nyumbani daima, bali mwana hukaa.

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu huru ni yule afanyaye apendavyo. Mtazameni mlevi. Asubuhi anaapa mbele ya mkewe kwamba hatainywa tena. Jioni miguu yake inampeleka pale pale. Hakuna mtu anayemsukuma, wala askari hamshiki. Anafanya «apendavyo», naye analia akifanya. Au mtazameni mwenye kinyongo: adui yake amekwisha hamia Likasi tangu miaka kumi, amemsahau, lakini yeye bado halali usiku kwa ajili yake. Ni nani aliyemfunga? Kamba iko ndani, na mtu hawezi kuifungua kwa mikono ambayo imefungwa na kamba hiyo hiyo. Ndiyo maana twasema tunahitaji Mkombozi. Mwalimu wa adabu njema hatutoshi, kwa kuwa huonyesha njia tu, hali sisi tumefungwa miguu.

Kamba hiyo inaanza mbali, katika dhambi ya asili. Nasi kila mmoja ameiongezea nyuzi zake.

Bei ililipwa kwa nani?

Hili ni swali la wenye akili, na katekista asiwakaripie wanaoliuliza. Ikiwa Yezu amelipa bei, basi ni nani aliyeipokea? Je, ni Shetani?

Hapana. Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, askofu wa karne ya nne, aliona ni aibu hata kuliwaza jambo hilo. Shetani ni mwizi. Mwizi akikamatwa na mbuzi wa watu hakai kudai fidia, ananyang'anywa. Wala tusimwaze Mungu Baba kama mdai mkali aliyekuwa na kiu ya damu ya Mwanawe, maana ni Baba mwenyewe aliyetupenda kwanza na kumtuma Mwana.

Fikirini mama ambaye mtoto wake ameanguka katika mto uliofurika. Anajitupa majini, anamsukuma mtoto mpaka ukingoni, naye mwenyewe anachukuliwa na maji. Kijiji kizima kitasema, «Mtoto huyu aliokolewa kwa bei kubwa.» Nani alipokea bei hiyo? Si mto. Hata hivyo bei ililipwa kweli, na mtoto akikua ataibeba moyoni mwake siku zote. Mfano huu haufikii ukweli wote, kwa sababu Kristu alitoa pia kwa Baba, kwa jina la ukoo wote wa watu, utii na upendo ambao Adamu aliukataa; hiyo ndiyo sadaka inayowekwa mbele yetu katika kila Misa. Lakini unatosha kutuondolea wazo baya la soko.

Petro Mtakatifu aliwakumbusha Wakristu wa kwanza ya kuwa hawakukombolewa kwa fedha wala dhahabu (1 Petro 1). Kama angewaandikia watu wa Katanga, pengine angeitaja shaba.

Uhuru wa roho na minyororo ya mwili

Huenda mzee mmoja kijijini akasema: «Mapadri wanatufundisha uhuru wa roho ili tusidai uhuru mwingine.» Neno hilo lisipuuzwe. Wakongo walipata uhuru wa nchi tarehe 30 Juni 1960, nao walikuwa wameungoja kwa mateso mengi. Uhuru huo ni mwema, ni haki ya watu. Na tuseme ukweli: wamekuwapo Wakristu waliotenganisha roho na mwili kwa faida yao wenyewe. Katika karne za biashara ya watumwa, huko Luanda, mateka walibatizwa makundi kwa makundi kabla ya kupakiwa merikebuni. Waliitwa wana wa Mungu asubuhi, na jioni walihesabiwa kama mizigo. Hiyo ilikuwa dhambi, na maji ya ubatizo hayakuifanya isiwe dhambi.

Mtume Paulo alionyesha njia nyingine. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, alitoroka, akamkuta Paulo kifungoni, akabatizwa. Paulo alimrudisha na waraka mfupi sana, mfupi kuliko zote alizoandika; mtu aweza kuusoma huku maji ya ugali yakichemka. Alimwomba Filemoni ampokee Onesimo kama ndugu mpendwa, wala si tena kama mtumwa. Na kama Onesimo alikuwa na deni, Paulo alilichukua juu yake, akaandika kwa mkono wake mwenyewe ya kuwa atalipa yeye. Paulo hakutangaza sheria mpya ya dola. Lakini mtu akisha kula meza moja na ndugu yake, atawezaje kumpeleka sokoni kesho? Ilichukua karne nyingi, nyingi mno, Wakristu kulikubali jambo lililokuwa wazi katika waraka ule. Mwaka 1888 Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili kuhukumu utumwa, na mwaka huo huo Kardinali Lavigerie alizunguka katika miji ya Ulaya akiwaeleza watu mambo yaliyokuwa yakitendeka kando ya ziwa Tanganyika.

Daktari wa Karema

Katika ziwa hilo, upande wa Kongo, iko misheni ya Mpala ambayo Mapadri Weupe waliipokea mwaka 1885. Wao walikomboa watoto kutoka katika misafara. Sheria za vijiji vile vya misheni zilikuwa kali, na si kila aliyekombolewa aliweza kwenda apendako. Hatuna haja ya kupamba habari. Lakini ng'ambo ya pili, kuelekea Mpala, iko Karema, na huko aliishi mtu ambaye kila katekumeni wa nchi zetu anapaswa kumjua. Jina lake ni Adriano Atiman.

Alizaliwa karibu na mto Nijeri, mbali sana huko magharibi. Akingali mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Katika Algeria Mapadri Weupe walimkomboa, wakamlea, akabatizwa. Walimpeleka katika kisiwa cha Malta kujifunza uganga wa hospitali. Kijana huyo mwenye elimu, aliyejua kwa mwili wake maana ya mnyororo, alikuwa na sababu nyingi za kujitafutia maisha mazuri. Mwaka 1889 alifika Karema, akawa daktari na katekista. Alioa huko. Alitibu vidonda, alizalisha wanawake, alifundisha dini. Alikaa mpaka alipokufa mwaka 1956. Hesabuni: miaka 67 katika mahali pamoja, akiwatumikia watu ambao hawakuwa kabila lake na ambao lugha yao alijifunza ukubwani.

Hapa tunapata jibu la swali la tatu, «Sasa u mtu wa nani?» Paulo aliwaandikia Wagalata, sura ya 5, ya kuwa wameitwa wapate uhuru, na wautumie uhuru huo kutumikiana kwa upendo. Mtumwa huhudumu kwa sababu ya kiboko. Mwana huhudumu kwa sababu nyumba ni yake. Kwa nje kazi yao yaweza kufanana kabisa, mtu na jembe, mtu na maji kichwani. Wageni wasingeweza kuwatofautisha.

Kamba iliyofichwa

Inabaki neno moja, ndugu zangu, na ninalisema polepole. Waisraeli walikwisha vuka bahari, majeshi ya Farao yamezama, nao wakaanza kulilia samaki, matango na vitunguu vya Misri (Hesabu 11). Miguu yao ilikuwa huru, tumbo lao lilikuwa bado kwa Farao.

Katika vijiji vyetu wako wanaojifunza sala zote, wanaofika Misa mapema, na kiunoni, chini ya nguo, wameshona bwanga. Kanisa halikatazi dawa ya majani inayotibu tumbo au homa. Mungu ndiye aliyeotesha majani. Linakataza kumpa kitu kile hirizi imani ambayo ni haki ya Mungu. Wewe unayeivaa unajua vema kwa nini unaivaa: unaogopa. Unamwogopa mlozi, unamwogopa jirani, unawaogopa wafu. Na mwenye hofu huuma. Ni hofu hiyo inayomfukuza usiku mtoto yatima, eti yeye ndiye aliyemla mjomba wake. Nasi tumewaona watoto kama hao wakilala nje katika masoko ya Lubumbashi. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa ulozi. Lakini kabla ya sheria hiyo, sisi tulikuwa na Msalaba. Aliyekombolewa na damu ya Kristu hawezi kununua usalama wake kwa machozi ya mtoto.

Haitakuwa rahisi. Baada ya Ubatizo vishawishi vitabaki, kama vile kovu hubaki mkononi baada ya kamba kukatwa. Kovu si kamba, na kwa ajili ya majeraha mapya kuna Sakramenti ya Kitubio. Lakini kukatwa kwa kamba kunataka uitoe mbele, uionyeshe.

Zamani huko Yerusalemu, katika karne ya nne, wakatekumeni usiku wa Pasaka waligeuzwa kuelekea magharibi, upande wa giza, wakanyosha mkono na kumkataa Shetani usoni. Kisha waligeuka kuelekea mapambazuko na kumkiri Kristu. Nanyi mtaulizwa katika Mkesha wa Pasaka kama mnamkataa Shetani, na kazi zake, na fahari zake. Mtajibu mara tatu mbele ya watu wote. Majuma ya Kwaresima yamewekwa ili jibu hilo lisitoke midomoni tu. Mwenye bwanga ampelekee padri au katekista, faraghani, bila kuona haya. Mwenye deni la kinyongo aende kwa adui yake, hata kama ni safari ya Likasi. Na nyumba iliyomfukuza mtoto imwendee huko aliko, imshike mkono, irudi naye, kama ndugu walivyofanya zamani walipokwenda kukomboa.

Maswali ya kuulizana mbele ya katekista

Kununua mtu na kukomboa mtu kunatofautianaje?

Kwa nini Mwana wa Mungu alipenda kuwa ndugu yetu kabla ya kutukomboa?

Je, Shetani alipokea bei ya ukombozi wetu? Elezeni kwa mfano wenu wenyewe, msirudie mfano wa mama na mto.

Someni Waraka kwa Filemoni wote. Filemoni alipomaliza kuusoma, Onesimo akiwa amesimama mlangoni, mnadhani alisema nini?